Profesa ana makala sitini: je, utafiti wake ni bora?

Kila orodha za vyuo vikuu bora zinapotoka, Dodoma hugawanyika. Kwenye makundi ya WhatsApp ya waliopita Chimwaga, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, picha ya orodha inazunguka kwa shangwe: chuo chetu kimepanda, cha watani kimeporomoka. Upande wa pili yuko kijana wa bodaboda pale Majengo anayeuliza swali lisilojibiwa na orodha yoyote: maprofesa wote hao wa pale juu, mbona maji bado ni ya mgawo? Wa kwanza anapima utafiti kwa nafasi, wa pili anaupima kwa bomba. Wote wana hoja, na wote wameshika kipimo kisichofaa kazi wanayotaka kifanye.

Mjadala umenoga zaidi tangu Wizara ya Elimu ianze kutoa tuzo za fedha kwa watafiti wa vyuo vyetu wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Wapo waliopongeza: mtafiti naye apate chake, isiwe wacheza mpira tu. Wapo walioguna: hela yote hiyo kwa ajili ya karatasi? Chini ya ubishi huo wa fedha kuna ubishi wa zamani zaidi, nao ni kwamba hatujakubaliana utafiti bora ni upi, na nani mwenye haki ya kusema huu bora, ule hapana.

Tusafishe maneno kwanza. Utafiti ni kuuliza swali ambalo jibu lake bado halijulikani, kulitafuta jibu kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hatua kwa hatua, kisha kuliweka hadharani ili wenye ujuzi walikosoe. Anayekusanya yaliyokwishajulikana na kuyapanga vizuri amefanya kazi ya maana, ila hapo hajatafiti bado. Matokeo huandikwa kama makala, na makala hupelekwa kwenye jarida la kitaaluma. Mhariri huwatumia watu wawili au watatu wa fani hiyohiyo waisome na kuipekua, mara nyingi mwandishi asijue ni akina nani. Hayo ndiyo mapitio ya wanataaluma wenza. Ikipita, inachapishwa. Mtafiti mwingine akiitaja kwenye kazi yake, tunasema makala ile imenukuliwa.

Hapo ndipo hesabu zinapoingilia. Makala zinahesabika, nukuu zinahesabika, majarida yanapangika kwa alama. Uzito wa swali, uangalifu wa njia na uaminifu wa jibu havihesabiki kirahisi hivyo. Basi tumezoea kuhesabu kinachohesabika na kukiita ubora.

Mtu wa Kongwa atanielewa haraka. Pale soko la mahindi Kibaigwa gunia hupandishwa kwenye mizani, na mizani haina ugomvi na mtu kuhusu uzito. Lakini mnunuzi mzoefu hatoi pesa kwa mizani peke yake. Anachoma bambo, kile chuma cha kutolea punje ndani ya gunia, tena ubavuni na chini, siyo juu tu mahali muuzaji alipopanga punje nzuri. Anamimina kiganjani, anatazama kama zimebunguliwa, anauma moja kujua kama imekauka. Lumbesa inaweza kuwa nzito na ndani imejaa pumba. Namba nyingi tunazozisikia kuhusu utafiti ni mizani, na mizani ina kazi yake. Bambo ni kuisoma makala yenyewe, na kamati nyingi za kupandisha vyeo hazijiwekei muda wa kulichoma.

Namba na hila zake

Tuanze na idadi. Kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki na hatimaye profesa, kunadai machapisho. Kanuni hiyo ipo karibu kila nchi na kwa asili yake haina ubaya. Asiyechapisha kabisa atajulikanaje amegundua nini? Ubaya unaanza idadi inapogeuka kuwa lengo. Aliyekusanya takwimu mara moja kule Bahi akizikatakata kuwa makala tano nyembamba atamzidi pointi yule aliyekaa na takwimu zake miaka mitatu akaandika moja yenye uzito. Halafu kuna kubebana: niweke jina kwako, nikuweke kwangu, mwisho wa mwaka sote tuna makala nne. Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alionya tangu mwaka 1975 kwamba kipimo ukikishikilia kuwa ndicho cha kuongozea watu, hakipimi tena vizuri. Yeye alikuwa akizungumzia fedha na benki, lakini walimu wa vyuo hawakuchelewa kumthibitisha.

Tena fani hazifanani. Mwaka 2015 ilitoka makala ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kila mmoja wao ana haki ya kuiandika kwenye wasifu wake. Mwanahistoria anayefuatilia misafara ya pembe za ndovu iliyopita Ugogo atakaa miaka kadhaa kwenye nyaraka na vijijini, kisha atatoa kitabu kimoja chenye jina moja. Ukiwaweka hao wawili kwenye jedwali moja la idadi, jedwali litakuwa na mistari iliyonyooka na hukumu iliyopinda.

Namba ya pili ni ile watafiti wanayoiita impakti fakta, nayo ni alama ya jarida. Mzizi wake ni kazi ya Eugene Garfield, Mmarekani aliyejenga faharasa ya nukuu za kisayansi, na ilikusudiwa kusaidia kuchagua majarida. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua nukuu zote ambazo jarida limepata mwaka huu kwa makala lilizozitoa katika miaka miwili iliyotangulia, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Tuseme jarida lilitoa makala 100 katika miaka miwili, na mwaka huu makala hizo zimenukuliwa mara 500. Alama ni 5. Watu husikia 5 na kudhani kila makala humo imenukuliwa mara tano. Hebu tuifungue hesabu. Huenda makala nne tu zilibeba nukuu 320. Zilizobaki 96 zinagawana 180, yaani hazifikii mbili kila moja, na baadhi zina sifuri. Mwenye makala ya sifuri naye anatembea kifua mbele, “nimechapisha kwenye jarida la tano”. Wastani wa jarida hausemi lolote la hakika kuhusu makala moja iliyomo. Likikukaa hilo, umeshawapita wajumbe kadhaa wa kamati.

Namba ya tatu ni faharasa ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi, h yako ni 10. Ni kipimo kizuri kuliko idadi tupu, maana makala ambazo hakuna aliyezigusa hazisaidii. Lakini haishuki hata mwenyewe akiacha utafiti akafuga kuku, na kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu mwaka juzi hana namna ya kumfikia mzee wa miaka thelathini kazini, hata kama swali lake ni kali mara mbili. Aliyeandika makala moja tu iliyobadilisha fani nzima ana h ya 1.

Kuhusu orodha za vyuo nitakuwa mfupi, kwa sababu nadhani tumezipa heshima kuliko zinavyostahili. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na medali ya Fields walizopata wahitimu na watumishi wa chuo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Kukipima kwa Nobel ni kukiuliza mbona hakina wajukuu. Ile ya QS kwa miaka mingi ilitoa asilimia 40, na sasa 30, kwa maoni ya wanataaluma wanaoulizwa vyuo gani wanavisikia kuwa vizuri. Sifa huzaa sifa. Chuo kisichosikika kitaendelea kutosikika. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi kiligoma kupeleka takwimu zake kwenye orodha ya Times Higher Education, na hakuna aliyesema elimu ya Utrecht imeshuka siku hiyo.

Kuisoma makala: mfano wa vikope Kongwa

Basi kusoma ni kufanya nini hasa? Nitachukua mfano wa hapahapa.

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewatesa watu wa Kongwa kwa vizazi na kuwapofusha wengi. Mwaka 1995 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika wilayani humo. Swali lilikuwa hili: tukishawapa watu dawa, je, kunawisha watoto nyuso kunaongeza chochote? Vilichukuliwa vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vitatu kati yake, vilivyopatikana kwa bahati nasibu, viliongezewa kampeni nzito ya kuwashawishi wazazi na jamii kuhusu nyuso safi. Kisha watoto wakafuatiliwa.

Msomaji makini anaanza kuchokonoa. Swali lina ukubwa wa kujibika? Ndiyo, ni jembamba na liko wazi. Ulinganisho ni wa haki? Ndiyo, kwa kuwa vijiji vyote vilipata dawa, kwa hiyo tofauti ikionekana haiwezi kudaiwa ni ya dawa. Nani alichagua vijiji vya kampeni? Bahati nasibu, kwa hiyo hakuna aliyejipendelea vijiji vilivyo karibu na maji. Matokeo je? Watoto wa vijiji vya kampeni walikutwa na nyuso safi mara nyingi zaidi, na trakoma kali ilikuwa pungufu kwao. Kwa trakoma ya kila aina ikijumlishwa pamoja, tofauti haikutosha kuthibitika. Watafiti waliyaandika yote mawili, lililowafurahisha na lisilowafurahisha. Kwangu mimi mstari huo wa pili ndio unaonipa imani na wa kwanza. Na udhaifu? Vijiji sita ni vichache, na mkosoaji ana haki ya kusema hivyo kwa sauti.

Angalia kwamba katika maswali hayo yote hatukuuliza alama ya jarida. Tungeiuliza, tungepotea. Lancet hiyohiyo, miaka mitatu baadaye, mwaka 1998, ilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Ilipita mapitio ya wenza. Ilinukuliwa mno, na wengi wa walioinukuu walikuwa wakiipinga, lakini kompyuta inayohesabu nukuu haijui kutofautisha sifa na shutuma. Ilichukua hadi mwaka 2010 jarida kuifuta, baada ya kubainika kwamba kazi ile haikufanywa kwa uaminifu. Jarida moja, alama moja, kazi mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Kwa hiyo lile wazo kwamba kilichopitiwa na wanataaluma wenza kimethibitishwa, liachwe. Mapitio ni mlango wa kwanza. Wapitiaji husoma kilichoandikwa. Hawaendi shambani kuhesabu upya. Uthibitisho huja mwingine akirudia kazi ile kwa takwimu zake mwenyewe. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasaikolojia lilitangaza kwamba liliporudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa kwenye majarida yenye heshima, ni kama theluthi moja na ushee tu ndizo zilizotoa tena matokeo ya kuthibitika kitakwimu. Anayerudia kazi ya mwenzake, kwa bahati mbaya, hupata pointi chache kuliko anayetoa jambo jipya lenye mng'aro.

Kuna imani nyingine inayozunguka sana Ng'ong'ona, jirani na chuo, na kwenye korido za ndaki: jarida linalodai ada ni la kitapeli. Siyo hivyo. Majarida mengi ya heshima yanatoza ada ili makala isomwe bure na yeyote, na mengi kati yake hupunguza au kusamehe ada kwa watafiti wa nchi maskini. Jarida uchwara utalijua kwa tabia nyingine. Linakuandikia barua pepe yenye sifa tele ilhali halijui fani yako, linakubali makala ndani ya siku mbili bila swali hata moja, na wahariri wake wengine hawajui kwamba majina yao yamo. Linachukua ada na halisomi.

Utafiti na bomba la maji

Sasa swali la kijana wa bodaboda, ambalo wasomi hulipuuza kwa kosa. Kwa miongo mingi mji wa Dodoma umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilitoa makala iliyotumia vipimo vya kina cha maji ya ardhini vya bonde hilo kuanzia mwaka 1955 hadi 2010. Waandishi wake, wakiwemo Watanzania wa sekta ya maji, walionyesha kwamba hazina ile haijazwi kidogokidogo kila msimu wa mvua. Miaka mingi hupita karibu kikavu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua za kupindukia, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na maji yanapanda kwa kishindo. Kwa anayepanga kiasi cha kuvuta, maana yake ni kwamba wastani wa mvua wa mwaka utamdanganya.

Utafiti huo haukuleta bomba, na haikuwa kazi yake. Bomba ni la bajeti, wahandisi na wanasiasa. Utafiti ulisema hazina inajazwaje, jambo ambalo asiyelijua atachimba kisima cha ishirini akidhani tatizo ni idadi ya visima. Kuudai utafiti bidhaa mkononi ni kuudai kitu ambacho haukukiahidi. Lakini mwenye utafiti naye hapaswi kujificha kwenye jibu hilo. Akishaandika kwa Kiingereza cha kitaalamu, je, mamlaka ya maji imeupata kwa lugha ya kutumika? Hilo ni swali halali la tathmini, na lina sehemu yake tofauti na swali la kama kazi ni sahihi.

Kuna jambo jingine Makutupora linalonigusa zaidi. Kabla ya makala kulikuwa na watu waliokwenda visimani kupima kina na kuandika, mwaka baada ya mwaka, tangu enzi za mkoloni. Wengi wao hawana chapisho hata moja. Kwenye mfumo wa pointi ni sifuri, na bila wao hakuna makala. Tathmini ya haki lazima iwe na mahali pa kuweka kazi ya namna hiyo: takwimu zilizotunzwa vizuri na kuachiwa wengine, mbegu iliyozalishwa kwa subira kwenye kituo kama Hombolo, maabara iliyosimamishwa na kuendeshwa bila kelele.

Kinyume chake tunakijua pia, na kipo Kongwa hiyohiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga bila kuusikiliza udongo wala mvua za pale. Udongo ule ukikauka hugeuka kama saruji, na mvua za Kongwa haziahidiki. Mwaka 1951 mradi ulitupwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea. Utafiti mdogo wa misimu michache, usio na jarida wala tuzo, ungekuwa na thamani gani?

Mabadiliko kwa nani?

Watathmini wa siku hizi wanapenda kuuliza utafiti umebadilisha nini kwa watu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua: macho ya njano, matumbo kujaa. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wachunguzi walilinganisha kaya zenye wagonjwa na kaya nyingine za maeneo hayohayo, wakapima mahindi majumbani, na kidole kikaelekea kwenye sumukuvu. Makala ilitoka mwaka 2018 kwenye jarida la wataalamu wa sumu za kuvu, jarida ambalo mtu wa kawaida halijui na halimo katika yale yenye majina makubwa. Kwenye jedwali la pointi ni makala moja ya jarida la kati. Kwa anayetunza mahindi Chemba au Kondoa ni jambo la uhai.

Hata hivyo nina tahadhari na kipimo hiki cha manufaa. Manufaa huchelewa, na hutegemea umemuuliza nani. Kondoa ni mfano mzuri. Mmomonyoko ulipokithiri, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Majani yalirudi, makorongo yakaanza kufunga. Mtafiti wa udongo angeandika ushindi. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda kuanza maisha kwingine angeandika kitu kingine, kama kuna aliyemuuliza. Tathmini inayoomba hadithi ya mafanikio itapata hadithi ya mafanikio.

Na zipo kazi zisizo na manufaa ya kuonyesha leo, nazo ni bora. Chukua Kisandawe, lugha ya Chemba na Kondoa yenye sauti za kidoko, ambayo haijathibitika kuwa na ndugu wa karibu popote. Anayeandika sarufi yake kwa uangalifu hatapata nukuu nyingi kwa sababu wanaoifahamu fani hiyo duniani ni wachache. Akiichapisha kwa Kiswahili, tuseme katika majarida ya Mulika au Kioo cha Lugha, mitambo mikubwa ya kuhesabu nukuu yaweza isiione kabisa. Sheria ya kimyakimya ya “kimataifa ndiyo bora” inamwambia mtaalamu wa Kiswahili aandike kuhusu Kiswahili kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji walio mbali, ili apandishwe cheo na chuo kilichopo Dodoma. Sioni namna ya kulitetea hilo.

Wengine wamefanyaje

Mwaka 2012 wahariri na wachapishaji wa majarida waliokutana San Francisco waliandaa tamko, linalojulikana kwa kifupi kama DORA, wakitaka alama ya jarida isitumike kuwa badala ya ubora wa makala wala wa mtu anayeomba kazi au cheo. Mwaka 2015 likafuata tamko la Leiden lenye kanuni kumi. Mbili zinatuhusu moja kwa moja: namba zisaidie hukumu ya wajuzi bila kuchukua nafasi yake, na utafiti wenye umuhimu wa mahali pake ulindwe. China, iliyokuwa maarufu kwa vyuo kulipa bonasi kwa kila makala ya kimataifa, mwaka 2020 iliviagiza vyuo viache. Sisi tunaanza na tuzo wakati wao wanazipunguza. Sisemi tuzo zifutwe. Mtafiti wa Tanzania anafanya kazi kwa vifaa haba na shukrani haba zaidi. Ila kigezo kikibaki jina la jarida pekee, najua vijana watakimbilia maswali gani, na sumukuvu ya Chemba huenda isiwe mojawapo.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Kila baada ya miaka kadhaa kazi za vyuo husomwa na majopo ya wataalamu na kupewa nyota moja hadi nne. Katika zoezi la mwaka 2021, kazi zenyewe zilibeba asilimia 60 ya alama, manufaa kwa jamii 25, na mazingira ya utafiti 15. Zilisomwa kazi zaidi ya 185,000. Ndiyo, bambo limechomwa, lakini kwa bei: zoezi lililotangulia, la mwaka 2014, lilikadiriwa kugharimu pauni milioni 246. Hatuna fedha hizo na hatuzihitaji.

Kinachowezekana hapa ni kidogo na cha maana. Mwombaji wa cheo asilete makala zote. Alete nne au tano anazozionea fahari, na kwa kila moja aeleze kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi swali lilikuwa nini, yeye mwenyewe alifanya sehemu gani, na nani ameutumia utafiti huo au kuubishia. Kubebana kungepungua siku hiyohiyo, maana aliyebebwa hana la kueleza. Kijana alinganishwe na vijana, mwanahistoria na wanahistoria.

Ugumu utabaki kwa wasomaji. Kwa vyeo vya juu vyuo vyetu tayari hupeleka kazi za mwombaji kwa wataalamu wa nje, lakini baadhi ya fani zetu ni ndogo kiasi kwamba wataalamu wake wote wangeenea kwenye Coaster moja: huyu alimfundisha yule, yule aligombana na huyu kwenye kongamano. Kwa hiyo angalau msomaji mmoja atoke nje ya nchi, kila mmoja atamke uhusiano wake na mwombaji kwa maandishi, na walipwe kama watu wanaofanya kazi, wakipewa miezi badala ya wiki moja ya “tafadhali tusaidie haraka”. Na kwa swali la manufaa peke yake, aongezwe mtu asiye wa chuo: afisa ugani wa Kongwa, mhandisi wa maji, mganga mkuu wa wilaya. Huyo asiulizwe kama hesabu ziko sawa. Aulizwe kama karatasi ile iliwahi kufika mezani kwake, na alipoisoma alifanya nini tofauti.